“Kuboresha Kiini”: Istilahi Inayohukumu Kabla ya Kupima

Utangulizi

Istilahi njema hutaja jambo. Haitoi hukumu juu yake. Kanuni hii si ngeni kwa wasomaji wa jarida hili, lakini huelekea kusahauliwa kila tunapoingia katika uwanja mpya wa elimu, ambapo haja ya maneno ni kubwa na muda wa kuyapima ni mdogo. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki fungu moja dogo la istilahi za kompyuta, nalo ni lile lihusulo kukibadili kiini cha mfumo endeshi ili mashine ifanye kazi vizuri zaidi.

Kazi ya kuzipa programu sura ya Kiswahili haikuanza jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na tangu hapo maneno ya juu ya kioo, kama vile faili, hariri na hifadhi, yamezoeleka. Maneno ya ndani ya mashine hayajapata bahati hiyo. Huko mwandishi huokota neno la karibu na kulitia kazini. Neno linalookotwa mara nyingi zaidi ni kuboresha. Tutajaribu kuonyesha kwamba neno hili, zuri kama lilivyo, halifai kuwa istilahi ya kazi hii; na kwamba kosa lake si la urembo tu, kwani laweza kumfanya fundi aondoe kinga ya mashine huku akiamini kwamba anaiendeleza.

Kiini na Jamaa Zake

Mfumo endeshi ni jumla ya programu zinazoiwezesha kompyuta kutumika. Ndani ya mfumo huo imo sehemu moja inayokaa katika kumbukumbu tangu mashine inapowashwa hadi inapozimwa. Sehemu hiyo ndiyo inayogawa zamu za prosesa baina ya programu, inayogawa kumbukumbu, na inayosimamia mawasiliano yote baina ya programu na vifaa kama vile diski, kibodi na kadi ya mtandao. Waingereza waliipa jina la punje iliyomo ndani ya kokwa. Sisi tumeiita kiini, na baadhi ya mafundi husema keneli.

Kwa maoni yetu kiini ni istilahi nzuri. Kwanza, ina ukoo unaojulikana: kuna kiini cha yai, kiini cha seli na kiini cha atomu, na kote humo maana ni ile ile ya sehemu ya ndani ambayo mambo mengine huizunguka. Pili, ina mwenzi wake. Katika mifumo ya jamii ya Unix, iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969, programu inayopokea amri za mtumiaji na kuzifikisha ndani huitwa kwa jina la ganda la nje. Kiswahili kinalo yai zima: kiini ndani na ganda nje. Anayejifunza jina la kwanza amekwisha kukaribia kulijua la pili. Hivyo ndivyo istilahi zinavyopasa kuundwa, kwa ukoo na si moja moja.

Hata hivyo, kiini kina mtego wake. Katika mazungumzo ya kawaida, kiini cha jambo ni asili yake isiyobadilika. Msomaji anaposikia kwamba fundi “amebadili kiini”, aweza kudhani kwamba ametenda muujiza. Ukweli ni kwamba kiini cha kompyuta ni programu iliyoandikwa na watu, na hubadilika upesi. Kiini cha Linux, kwa mfano, hupata toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi hivi.

Ugomvi mwingine umo katika mzizi endesha. Mfumo endeshi ni jina la kitu kizima. Kiendeshi ni jina la programu ndogo inayoongoza kifaa kimoja tu. Mkuu na mdogo wametoka katika mzizi mmoja, na anayesoma haraka aweza kuwachanganya. Hatupendekezi kulifuta neno kiendeshi, maana limekwisha kukubalika. Tunashauri tu kwamba daima litajwe pamoja na kifaa chake: kiendeshi cha kadi ya mtandao, kiendeshi cha printa, na kadhalika.

Tendo Moja au Matatu?

Tuchukue mfano wa Linux, kwa sababu msimbo wake u wazi na kila mtu aweza kuusoma na kuubadili. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Wakati huo ulikuwa na mistari ipatayo 10,000. Leo mistari imepita milioni 30, na zaidi ya nusu yake ni ya viendeshi vya vifaa. Hakuna mashine moja inayovihitaji vyote. Hapo ndipo linapozuka wazo la kujitengenezea kiini kinachoifaa mashine fulani.

Kazi hii, ambayo huelezwa kwa neno moja la kuboresha, kwa hakika ni kazi tatu, nazo hazifanani hata kidogo. Fundi cherehani atatusaidia kuzitenga. Mteja aweza kuchagua kitambaa na mtindo kabla nguo haijakatwa. Aweza kuivaa nguo iliyokwisha kushonwa, kisha akakaza au kulegeza mkanda. Aweza pia kutia kipande cha kitambaa kingine mahali ambapo nguo ya asili haikumtosheleza.

Tendo la kwanza hufanyika kabla msimbo haujageuzwa kuwa lugha ya mashine. Fundi hupewa orodha ndefu ya maswali, na kwa mengi kati ya hayo majibu ni matatu: sehemu hii iwemo ndani ya kiini, isiwemo, au iwe moduli itakayoitwa pale itakapohitajika. Tendo la pili hufanyika wakati mashine inapowashwa, au ikiwa tayari inakwenda: fundi hubadilisha thamani ya kigezo fulani, na kiini hubaki kile kile. Tendo la tatu ni kubadilisha msimbo wenyewe kwa kutia sehemu iliyoandikwa na mtu mwingine, ambayo haikuwemo katika toleo rasmi.

Matokeo ya matendo haya ni tofauti. Aliyekosea katika tendo la pili aghalabu huweza kuirudisha thamani ya awali mara moja. Aliyekosea katika tendo la kwanza aweza kuipata mashine isiyowaka, kwa kuwa ameondoa kiendeshi cha diski yake mwenyewe. Aliyetenda la kwanza au la tatu amejitwisha pia mzigo wa kudumu: kila dosari ya usalama inapogunduliwa na kuzibwa, hana budi kukitengeneza kiini chake upya, kwani kile kilichorekebishwa na watoaji wa mfumo hakitaingia chenyewe mahali pa kile alichojitengenezea. Mwongozo unaoyaita matendo yote matatu “kuboresha” umemnyima msomaji onyo ambalo istilahi tatu zingempa bila ya kuongeza hata sentensi moja.

Kuboresha ni Hukumu

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yetu. Kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora. Neno hili halielezi kilichofanywa. Linaeleza matokeo, na kuyasifu. Anayesema “nimekiboresha kiini” amekwisha kutoa hukumu. Lakini shauri halijasikilizwa bado.

Mfano mmoja utatosha kulifafanua jambo hili. Kiini hupokea mapigo ya saa, na kila pigo humpa nafasi ya kukatiza programu inayoendelea na kuangalia kama zamu ya nyingine imefika. Katika matoleo ya 2.4 ya Linux, kwa mashine za jamii ya i386, mapigo yalikuwa 100 kwa sekunde, yaani moja kwa kila milisekunde 10. Toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, liliyapandisha hadi 1,000, yaani moja kwa kila milisekunde. Mnamo Agosti 2005 toleo la 2.6.13 likayaweka kuwa 250 pasipo chaguo jingine, na likamwachia fundi hiari ya kuchagua 100, 250 au 1,000 kabla ya kukitengeneza kiini.

Je, ni ipi kati ya namba hizi iliyo bora? Mapigo yakiwa mengi, mashine huweza kuitika upesi zaidi anapobonyeza mtu kibodi, lakini prosesa hukatizwa mara nyingi na sehemu ya nguvu yake hupotea katika kukatizwa huko. Mapigo yakiwa machache, kazi ndefu huenda bila ya usumbufu, lakini anayengoja jibu huweza kungoja zaidi. Tena tangu mwaka 2007 kiini cha Linux kimekuwa na uwezo wa kuyanyamazisha mapigo pale prosesa isipokuwa na kazi, na kwa hiyo hata hesabu hii imebadilika. Anayepanda kutoka 100 hadi 1,000 na anayeshuka kutoka 1,000 hadi 100, wote wawili wataandika kwamba “wameboresha”. Istilahi inayoelezea kwenda na kurudi kwa neno moja haijaeleza kitu.

Imani nyingine inayolindwa na neno hili ni kwamba kukipunguza kiini ni kukiongezea kasi. Imani hiyo ilikuwa na msingi wake miaka ya mwanzo ya 1990, wakati mashine nyingi za nyumbani zilipokuwa na megabaiti 4 au 8 tu za kumbukumbu. Leo viendeshi vingi ni moduli. Moduli isiyoitwa hukaa katika diski. Haichukui nafasi katika kumbukumbu wala haiombi zamu ya prosesa. Anayeziondoa mia moja amepunguza muda wa kukitengeneza kiini na ameokoa nafasi ya diski. Amefanya jambo la maana, lakini si lile analodhani.

Lililo zito zaidi ni suala la usalama. Januari 2018 zilitangazwa dosari mbili za prosesa zilizopewa majina ya Meltdown na Spectre. Kinga zilizotiwa ndani ya viini ili kuzizuia zilipunguza kasi ya baadhi ya kazi. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, kiini cha Linux kinakubali kigezo kimoja cha wakati wa kuwasha mashine ambacho huzizima kinga za namna hiyo kwa pamoja. Katika mashine iliyofungiwa peke yake huenda uamuzi huo ukawa na sababu. Katika mashine inayohifadhi siri za watu wengi ni sawa na kung’oa komeo ili mlango ufunguke upesi. Hata hivyo, katika mwongozo ulioandikwa kwa istilahi tunayoihakiki, tendo hili nalo litawekwa chini ya kichwa cha “kuboresha”, na mwanafunzi atalitenda kwa moyo mkunjufu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tendo linalojiita bora kabla ya kupimwa linajitembeza.

Utendaji wa Nani?

Mwenzi wa kuboresha ni utendaji. Twaambiwa kwamba kiini hubadilishwa “ili kuongeza utendaji”. Hapa pia neno moja limebebeshwa mizigo miwili inayovutana.

Wasomaji wetu wanajua basi linalosubiri kujaa kabla ya kuondoka. Kwa mwenye basi mpango huo ni mzuri, maana kila safari hubeba abiria wengi na mafuta hayapotei bure. Kwa abiria wa kwanza kupanda ni mateso. Basi linaloondoka kwa saa, lijae lisijae, humridhisha abiria huyo na kumtia hasara mwenyewe. Kiini kinagawa zamu za prosesa katika mvutano huo huo. Kuna wingi wa kazi zinazokamilika kwa muda fulani, na kuna muda ambao kazi moja hungoja kabla ya kuitikiwa. Kukiongeza cha kwanza mara nyingi hukiumiza cha pili.

Tofauti hii imewahi kuleta mabishano makali miongoni mwa waundaji wa Linux wenyewe. Con Kolivas, daktari wa nusukaputi wa Australia aliyejifundisha kazi ya kuandika programu, alitetea kwa miaka kadhaa haki ya mtumiaji wa kawaida aliyeketi mbele ya mashine yake. Aliona kwamba vipimo vinavyotumika kwa mashine kubwa havionyeshi kukwamakwama anakokuona mtumiaji huyo, akaandika vipimo vyake mwenyewe. Mwaka 2007 mgawa zamu mpya aliyeandikwa na Ingo Molnár alipokubaliwa kuingia katika toleo la 2.6.23, Kolivas aliiacha kazi hiyo. Kisha mwaka 2009 akarudi na mgawa zamu mwingine nje ya toleo rasmi. Hatuna nia ya kuamua nani alikuwa na haki. Tunachosema ni kwamba mabishano hayo hayawezi hata kusimuliwa kwa Kiswahili iwapo pande zote mbili zitasemwa kwamba zilitaka “kuongeza utendaji”.

Katika ukoo huu limo pia neno muda halisi, linalotumika kwa mifumo inayoongoza mitambo. Neno hili ni tafsiri ya sisisi, na wengi hulielewa kuwa na maana ya haraka. Sivyo. Mfumo wa namna hiyo huahidi kwamba jibu halitapita kikomo kilichowekwa, hata kama kwa wastani unakuwa mzito zaidi. Sehemu za kuipa Linux uwezo huo ziliandaliwa nje ya toleo rasmi kwa takriban miaka 20, hadi zilipokamilika kuingizwa katika toleo la 6.12 la Novemba 2024. Kiswahili kinalo neno lenye ahadi na wakati ndani yake kwa pamoja, nalo ni miadi. Tunaona kwamba mfumo wa miadi ungeeleweka kwa msomaji yeyote bila ya mwalimu.

Kasoro ya “Kugeuza Kukufaa”

Wako walioona udhaifu wa kuboresha wakachukua maneno mengine. Katika programu za simu na kompyuta twakuta amri “geuza kukufaa”. Kama amri moja juu ya kioo haina ubaya. Kama istilahi haisimami, kwa sababu za kisarufi. Kiambishi ku- cha mtendwa kimemganda nafsi ya pili: kugeuza kukufaa wewe. Tukitaka kusema juu ya kiini kilichobadilishwa na chuo kwa ajili ya mashine zake, je, tuseme kilichogeuzwa kukifaa, kuzifaa au kuwafaa? Na jina la tendo litakuwa lipi? Istilahi ambayo haiwezi kuzaa jina la tendo, jina la mtenda na kivumishi ni mti usio na matawi. Isitoshe, kufaa nako ni hukumu ile ile ya kuboresha, iliyovaa nguo nyingine.

Mapendekezo

Baada ya kuyapima hayo, tunapendekeza yafuatayo:

Kuteua: kuchagua sehemu zitakazoingia katika kiini kabla ya kukitengeneza. Huzaa uteuzi, mteuzi na kiini teule.

Kuseti: kubadilisha thamani ya kigezo bila ya kukitengeneza kiini upya. Tunajua kwamba wapo watakaolichukia neno hili kwa kuwa ni la mkopo. Lakini mafundi huseti saa na huseti redio, na neno lenyewe halisemi kama matokeo ni mema au mabaya. Neno rekebisha, ambalo ndilo mshindani wake, humwambia msomaji kwamba palikuwa na kosa.

Kutia kiraka: kubadilisha msimbo kwa kuuingizia kipande kilichoandikwa kando. Wengine huona kwamba kiraka kina harufu ya ufukara. Sisi twaona kwamba kinamkumbusha fundi jambo la kweli, kwamba nguo ya asili ikibadilishwa huenda kiraka kisikae tena mahali pake.

Wingi wa kazi na muda wa kungoja: yashike mahali pa utendaji kila mara panapohusika kipimo. Utendaji libaki kuwa neno la jumla.

Kuboresha: lisifutwe, bali lipewe zamu yake, nayo ni ya mwisho. Fundi ateue, aseti au atie kiraka, kisha apime, na kipimo kikionyesha maendeleo, hapo aseme ameboresha, na ataje ameboresha nini kwa ajili ya nani.

Hitimisho

Huenda mtu akauliza kwa nini tujipe taabu hiyo, wakati Kiingereza chenyewe kinatumia neno lenye maana ya kufanya bora kabisa. Jibu letu ni kwamba kasoro ya lugha ya asili si urithi unaotulazimu. Anayeunda istilahi baadaye ana nafasi ya kuuona mtego aliounasa mwenzake aliyemtangulia, na si lazima naye autie mguu.

Kijana anayejifunza kazi hii kwa Kiswahili anastahili lugha inayomwambia anachokitenda kabla ya kumsifu kwa kukitenda. Maboresho yasiyopimwa hayatoki katika kiini, ni kiinimacho. Tunawaomba wasomaji, na hasa mafundi na walimu wa kompyuta popote Kiswahili kinapotumika, wayajaribu maneno haya katika kazi zao na watuletee maoni yao, hata kama ni ya kuyapinga, ili yajadiliwe kabla ya kusanifiwa.